Binti anataka mekanike na nyuklia



Ulizo la juma hili linatoka Katuba, kwa mama mmoja wa AVEC ambaye mwandishi wa kikundi chake alituletea barua. Binti yake wa kwanza amemaliza mwaka wa nane. Biletani ni nzuri, katika hesabu ni wa pili ndani ya darasa lenye wavulana wengi. Sasa mtoto anasema anataka kuwa injenieri: asome mekanike, kiisha aendelee na nyuklia. Kikao cha familia kimefanyika. Baba mkubwa amesema apelekwe opsio ya pedagojia, afundishe mapema, wachumba wasimkimbie. Bibi anaogopa mionzi, mtoto asije akakosa kuzaa. Baba yake hakukataa, lakini ameuliza: Kongo haina kiwanda hata kimoja cha umeme wa nyuklia, atatumika wapi? Na mama, ambaye feza ya kuandikisha iko kwake, imefungwa kwenye ncha ya kitenge, anatuuliza jambo ambalo hakuna aliyelijibu kwenye kikao: hayo masomo ni masomo ya nini?

Naanza na ulizo la mama. Wengi wetu tunalipa miaka na miaka masomo ambayo hakuna aliyetueleza.

Tukisikia mekanike tunaona kijana amelala chini ya gari, mafuta usoni. Huyo ni fundi, na tunamhitaji. Injenieri wa mekanike anakuja mbele yake. Yeye ndiye anayehesabu chuma kiwe kinene namna gani ili kisivunjike, pompi iwe na nguvu gani ili maji yapande kutoka chini ya mgodi, mashini itapata joto kiasi gani na joto hilo litoke kwa njia gani. Kazi yake kubwa iko kwenye karatasi na kwenye kompyuta kabla chuma hakijakatwa.

Angalia sufuria ya maharagi juu ya mbabula. Ukifunika, baada ya muda kifuniko kinaanza kucheza. Kinachokiinua ni mvuke. Sisi tunakisogeza kando ili mchuzi usimwagike, basi. Mtu wa mekanike anaangalia kifuniko kile kile na kuuliza: nguvu hii, nikiiongoza kwenye bomba, inaweza kuzungusha gurudumu? Na gurudumu likizunguka, linaweza kutoa umeme? Jibu ni ndiyo, na gurudumu hilo linaitwa turbini. Sehemu kubwa ya umeme wa dunia inatoka hivyo: moto, maji, mvuke, turbini.

Nyuklia ni sufuria hiyo hiyo, lakini kuni ni nyingine. Badala ya makala, ndani kuna uranium. Kiini cha atomu ya uranium kikipigwa na chembe ndogo iitwayo neutroni, kinapasuka vipande viwili, kinatoa joto, na kinatupa neutroni nyingine mbili au tatu ambazo zinakwenda kupasua viini vingine. Kidonge kimoja cha uranium, kidogo kuliko ncha ya kidole chako, kinatoa joto karibu sawa na tani 1 ya makaa ya mawe. Katika aina ya reakta inayotumika zaidi duniani, maji yanafika digri zaidi ya 300 bila kuchemka, kwa sababu yamebanwa kwa nguvu kubwa sana. Wenye kupika kwa kasroli ya presha mnajua jambo hili kwa mikono yenu. Maji hayo yanapitisha joto lake kwa maji mengine, haya ya pili ndiyo yanageuka mvuke, na mvuke unakwenda kwenye turbini. Kwa mafungu 3 ya joto, ni karibu fungu 1 tu linalogeuka umeme. Mengine mawili yanachukuliwa na maji ya mto au ya bahari.

Mmeona sasa? Toa uranium, na yote yaliyobaki ni mekanike: mabomba, pompi, chuma kinachovumilia joto, maji yanayokimbia. Ndiyo maana kuna iniversite zinazoweka masomo haya mawili ndani ya nyumba moja. Iniversite ya Jimbo la Kansas, huko Marekani, ina idara moja ya mekanike na nyuklia, na wanafunzi wake wanajifunzia kwenye reakta ndogo iliyoko hapo hapo, aina ya TRIGA.

TRIGA hiyo ina ndugu yake Kinshasa, na jambo hili watoto wetu wengi hawajaambiwa. Reakta ya kwanza katika Afrika yote haikuwashwa Misri wala Afrika Kusini. Iliwashwa kwetu, mwaka 1959, kwenye iniversite ya Lovanium, ambayo leo ni Iniversite ya Kinshasa. Ilikuwa TRIGA, ikaitwa TRICO. Ya pili, yenye nguvu zaidi, ilianza 1972. Zilikuwa za kufundishia na za uchunguzi, si za kutoa umeme wa mji. Hiyo ya pili imesimama tangu 2004.

Na Shinkolobwe ni hapa hapa, karibu na Likasi. Madini yake yalionekana 1915. Mwanzoni watu walitafuta radiumu iliyomo, ya kutibu kansa, na mawe yetu yalipelekwa kusafishwa Olen, Ubelgiji. Uranium yenyewe ilionekana kama takataka. Kisha vita ikaja, Marekani ikaitaka, na sehemu kubwa ya uranium ya bomu lililotupwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka katika ardhi hii. Waliolichimba jiwe lile, hakuna aliyewaeleza ni kitu gani wanachobeba. Nikisikia binti wa Katuba anasema anataka kukijua kitu hicho mpaka ndani ya kiini chake, mimi kwanza ninafurahi. Mashaka yatakuja baadaye, na yapo.

Sasa masomo yenyewe. Kwa mfumo wa LMD ni miaka 3 ya lisanse na 2 ya masta, na anayerudia mwaka anaongeza wake. Lubumbashi tuna Fakilte ya Politeknike ndani ya UNILU. Kinshasa nayo ina politeknike ndani ya UNIKIN, na kuna ISTA kwa wanaotaka ufundi wa mikono zaidi. Miaka ya kwanza haina mashini nyingi. Ni hesabu asubuhi, hesabu jioni, fizike, kemia, kuchora. Hapa ndipo wengi wanaanguka, wavulana kwa wasichana, na wanaanguka kwa sababu waliletwa na jina la injenieri bila msingi wa hesabu. Baadaye yanakuja masomo ya nguvu za chuma, ya joto na mvuke, ya maji na hewa vinavyokimbia ndani ya mabomba. Nyuklia inakuja juu ya haya: namna ya kuongoza reakta, namna ya kupima mionzi na kujikinga, nini kifanyike na uranium iliyokwisha kutumika.

Kwa hiyo mimi namwambia binti huyu: mekanike kwanza, na uisome yote. Nyuklia iwe masta. Asikimbilie nyuklia kabla ya kuwa na diploma ya injenieri mkononi. Sababu yangu ni ulizo la baba yake.

Baba ameuliza vizuri. Ni kweli Kongo haina kiwanda cha umeme wa nyuklia. Katika Afrika yote kinachotumika ni kimoja, Koeberg, karibu na Cape Town, chenye reakta 2, kikitoa umeme tangu 1984. Misri inajenga cha kwake El Dabaa, reakta 4, ujenzi ulianza 2022. Lakini turbini za Inga na za Nzilo ni mekanike. Kinachozizungusha ni maji ya mto, si mvuke, lakini hesabu za gurudumu ni za ukoo mmoja. Pompi za migodi ni mekanike. Mikanda inayobeba mawe, malori makubwa, mashini za kusaga madini, viwanda vya unga na vya bia, mashini za hewa za hospitali: yote hayo yanahitaji injenieri, na jimbo letu halina upungufu wa mashini zinazokufa mapema. Mwenye mekanike hawezi kukaa akingoja Kongo ijenge reakta.

Na hata upande wa mionzi, kazi ipo kabla ya reakta. Mawe ya shaba na kobalti ya Katanga mara nyingine yanabeba uranium ndani yake, na lazima yapimwe. Mashini za radio za hospitali lazima zipimwe, na wanaozitumia wakingwe. Kinshasa kuna CGEA, ofisi ya Serikali ya mambo ya atomu. Sisemi nafasi ni nyingi. Nasema hazikosi.

Bibi naye asichekwe. Woga wake una msingi, na mtu anayemwambia "hakuna hatari" anamdanganya. Maria Skłodowska, ambaye dunia inamjua kama Marie Curie, ndiye aliyegundua radiumu pamoja na mume wake mwaka 1898. Walishika vitu vile kwa mikono mitupu, hawakujua. Alikufa 1934 kwa ugonjwa wa damu ulioletwa na mionzi. Kuhusu kuzaa: alipata binti wa kwanza 1897, akapoteza mimba 1903, akazaa binti wa pili 1904. Watu wangetaka kuchukua kipande kimoja cha habari hii wakathibitishie wanachotaka. Mimi naiacha ilivyo.

Leo mambo ni mengine. Anayetumika na mionzi anavaa kifuani chombo kidogo kinachohesabu kipimo alichopokea, na kinasomwa kwa utaratibu. Kipimo kinaitwa milisiverti. Kila mtu duniani, hata mkulima, hupokea wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhi, anga na chakula. Kwa mfanyakazi wa mionzi, mpaka wa kimataifa ni wastani wa 20 kwa mwaka. Mwanamke akitangaza kazini kwamba ana mimba, mtoto wa tumboni hapaswi kupokea zaidi ya 1 kwa muda wote unaobaki, na mama huyo anahamishwa kazi nyingine ikihitajika. Neno kubwa hapo ni "akitangaza". Sisi tumezoea kuficha mimba mpaka miezi mitatu au minne ipite. Katika kazi hii desturi hiyo ni lazima ivunjwe, na bibi akubali mapema kwamba mkubwa wa kazi atajua kabla ya jirani.

Tena, nikiulizwa kipi kinanitia woga zaidi, nasema ni ateliye ya kawaida. Mashini ya kuchonga chuma haijui mionzi, lakini rasta zilizoachiliwa, pete, kitenge kinachopepea, vinashikwa mara moja na kuvutwa pamoja na mkono. Nywele zifungwe ndani ya kofia, mapambo yabaki nyumbani, na suruali ya kazi ivaliwe bila aibu. Kama kuna mjomba atakayesema suruali si vazi la binti, mpelekeni mbele ya mashini inayozunguka.

Kuhusu feza, nirudi kwa Maria Skłodowska, kwa sababu habari yake hii inafaa AVEC kuliko ile ya radiumu. Alizaliwa Warsaw 1867. Huko kwao iniversite haikupokea wanawake. Yeye na yaya wake, Bronisława, walitaka wote wawili kusoma Paris, na baba yao hakuwa na uwezo. Wakapatana. Maria akaenda kutumika kwa familia za watu, akifundisha watoto wao, na feza akamtumia yaya asome udaktari. Yaya alipofika mbali, akamwita mdogo wake, akampokea Paris. Mwaka 1891 Maria aliingia iniversite akiwa na miaka 24. Alipata lisanse ya fizike 1893, na ya hesabu 1894. Miaka mingi alingoja zamu yake, na zamu ilifika. Sisi tunaita kitu hicho likirimba.

Politeknike ni miaka 5, ni kusema mizunguko 5 ya AVEC kama kikundi chenu kinagawana kila mwaka. Minervali inabadilika, kila mwaka soma mwenyewe ubao wa matangazo wa fakilte, usitegemee kijana anayekuambia "mama, nipe nikulipie". Pamoja na minervali kuna usafiri, sanduku la kuchorea, kompyuta ambayo kuanzia katikati ya masomo haiepukiki, na karatasi nyingi kuliko unavyofikiri. Najua vikundi viwili ambavyo wamama wawili wenye watoto wa miaka tofauti walipatana kama akina Skłodowska: huyu anachukua mgao wa wote wawili miaka ya mwanzo, kisha anarudisha kwa mtoto wa mwenzake. Andikeni patano hilo mbele ya komite. Urafiki wa kwenye kisima hautoshi kwa feza ya miaka mitano.

Masta ya nyuklia itamtoa nje ya nchi. Afrika Kusini inafundishwa Potchefstroom, Misri, Alexandria, Ghana, Accra. Ufaransa kuna INSTN huko Saclay, iliyoanza 1956, na hapo Kifaransa chetu kinasaidia. Kwingine ni Kingereza, kwa hiyo mtoto aanze kukisoma sasa. Kuna pia bursa ya wanawake peke yao, yenye jina la Marie Skłodowska-Curie, iliyoanzishwa 2020 na shirika la kimataifa la atomu la Vienna, lile tunaloita AIEA. Inasaidia karo na maisha kwa masta ya mambo ya nyuklia, mpaka miaka 2. Haihusu lisanse. Anayekuja kwako leo na karatasi ya "bursa ya nyuklia" kwa mtoto wa mwaka wa nane, akitaka feza ya dosie, mfukuze.

Mama wa Katuba, hayo yote ni ya miaka minne na zaidi kutoka sasa. Linalokubana ni Septemba hii. Mwisho wa mwaka wa nane ndipo njia zinapogawanyika, na opsio atakayoandikwa sasa ndiyo atakayokaa nayo miaka 4 ya humanite mpaka egzameni ya Serikali. Pedagojia ni kazi ya heshima, na watoto wetu wanahitaji walimu. Lakini hesabu yake na fizike yake hazitoshi kumfikisha politeknike, na kurudi nyuma ni kugumu. Kinyume chake si hivyo: aliyesoma sayansi akibadili mawazo anaweza kwenda udaktari, uchumi, sheria, hata ualimu. Ndiyo maana simwambii baba mkubwa kwamba amekosa. Namwambia kwamba opsio yake inafunga milango ambayo ile nyingine inaiacha wazi, na mtoto ana miaka kumi na nne tu. Opsio ya ufundi ya mekanike nayo ipo, ni nzuri kwa anayetaka kuanza kutumika mara moja. Kwa anayelenga iniversite, mimi napendelea sayansi.

Na saa. Mtoto wa kike aliye wa pili katika hesabu huku akichota maji, akipika bukari na kuogesha wadogo, ni wa pili kwa nusu ya saa alizopewa kaka yake. Hesabu za mwaka wa tatu wa humanite hazisomwi saa nne za usiku kwa tochi ya simu. Kaka achote maji siku tatu kwa juma. Gharama yake ni kelele tu.

Kabla ya kufungua ncha ya kitenge, nenda shuleni na biletani zote mbili, ya mwaka wa saba na ya nane, pamoja na matokeo ya mtihani wa Serikali wa mwaka wa nane, ule wa kuchagua opsio. Omba kuonana na prefe mwenyewe. Muulize kama opsio ya sayansi ina mwalimu wa fizike aliyeajiriwa kweli, kwa jina, au kama wanamngoja. Uliza wasichana wangapi wamo ndani ya darasa hilo na wangapi walifaulu egzameni ya mwaka huu. Kama mwalimu wa fizike hayupo, tembelea shule ya pili kabla ya kulipa ya kwanza, hata kama ni mbali zaidi na nauli inauma. Risiti iandikwe opsio, na uisome hapo hapo mezani, kwa sababu tayari tumepokea malalamiko ya watoto wawili walioandikwa opsio nyingine na kugundua mwezi wa Oktoba.